Jinsi ya Kususia Ukashinda: Mwongozo kwa Mtu wa Ras Kamboni

Kila mwenye shilingi mfukoni ana haki ya kukataa kuitoa. Hiyo ndiyo silaha ya mtu asiye na bunduki, asiye na kiti bungeni na asiye na jamaa wizarani, na katika pwani yetu watu wa namna hiyo ndio wengi. Shida ni kwamba silaha yenyewe ina makali kuwili. Anayeishika vibaya hurudi nyumbani ana njaa, na yule aliyekusudiwa hana habari kwamba amesusiwa.

Mwongozo huu ni wa watu wa Ras Kamboni na wa visiwa vya Wabajuni, Koyama, Chovai na Chula, hadi Kismayu mjini. Na wa ndugu zao wa upande wa pili wa mpaka, Kiunga, Faza na Amu. Ukoo mmoja hapa una watu wa nchi mbili. Aliye Somalia hakatwi bima ya afya, kwani dola ambayo ingemkata ilianguka Januari 1991 na iliyofuata bado haijamfikia. Aliye Kenya anadaiwa asilimia 2.75 ya mapato yake. Wakikutana harusini, wa Kenya humwonea mwenziwe gere kwa kuwa hakatwi, na wa Somalia humwonea gere kwa kuwa ana hospitali ya kulalamikia. Mjadala wa kama afya ni jukumu la serikali au la mtu na jamaa zake, ambao kwingine huendeshwa magazetini, kwetu huliwa pamoja na pilau.

Mimi katika jambo hili ni mhafidhina, na sijifichi. Naamini mgonjwa ni wa kwao kwanza, kisha wa mtaa na msikiti, kisha wa serikali. Naamini anayelipa ana haki ya kuuliza pesa imekwenda wapi. Kwa sababu hiyohiyo nataka kususia kwetu kuwe na akili. Hatua ni saba. Aliyekwisha kukasirika tayari anaombwa asisusie chochote kinachohusu hospitali kabla hajafika ya sita.

Hatua ya kwanza: Mtafute mwenye kosa, na umpate yeye hasa

Agosti 2009, Rais Barack Obama alipokuwa akipigania mageuzi ya afya Marekani, John Mackey, mkuu wa maduka ya vyakula ya Whole Foods, aliandika makala katika gazeti la Wall Street Journal kuyapinga. Hoja zake zilikuwa za kihafidhina kabisa: kila mtu awe na akaunti yake ya akiba ya matibabu, watu wawe huru kununua bima kutoka jimbo lolote, na tiba isihesabiwe kuwa haki ya kuzaliwa ambayo serikali lazima impe kila mtu. Wateja wake wengi walikuwa upande wa Obama. Wakawaka, wakatangaza kuyasusia maduka yake. Upande wa pili, wahafidhina ambao hawakuwa na desturi ya kuingia humo walibeba vikapu wakaenda kununua ili kumuunga mkono.

Matokeo? Sheria ilitiwa saini tarehe 23 Machi 2010, si kwa sababu ya kususia wala kwa sababu ya vikapu. Maduka yaliendelea, na mwaka 2017 Amazon iliyanunua kwa dola bilioni 13.7. Sheria ilikuwa mikononi mwa wabunge, na waliosusia walikwenda kumwadhibu muuza mboga.

Kwa hiyo, kabla ya kususia, kaa chini ujiulize: nani ana kalamu ya kubadilisha jambo hili? Kama bei ya dawa imepanda kwa sababu ya ushuru wa bandarini, mwenye duka la dawa ni mwenzako katika mateso. Mpe salamu, mnunulie, kisha mwende pamoja kwa anayetoza ushuru.

Hatua ya pili: Hesabu maduka

Simama katikati ya mji, uhesabu. Ukipata manne, una uwezo wa kususia moja. Ukipata mawili, wakague wenye maduka: wakiwa ndugu wa tumbo moja, hesabu upya. Ukipata moja, huna cha kususia. Una mtu wa kuzungumza naye, tena kwa adabu, kwani kesho mtoto wako ataamka na homa usiku wa manane na utambishia mlango yeye.

Novemba 2017, baada ya uchaguzi wa Kenya, muungano wa upinzani wa NASA uliwataka wafuasi wake wasusie Safaricom, Bidco na Brookside. Mafuta ya kupikia na maziwa yana wauzaji wengine, na mama wa nyumbani alibadilisha bila kutoka jasho. Simu ilikuwa mtihani. Mwenye pesa zake M-Pesa, mwenye mama hospitalini anayesubiri kulipiwa kwa M-Pesa, angeihama vipi? Wengi walisusia mchana wakaweka salio usiku. Machi 2018 kiongozi wake Raila Odinga na Rais Uhuru Kenyatta walishikana mikono, na vita ile ikazimika.

Kanuni yake ni hii: tafuta mbadala kabla ya kutangaza. Kama unataka kumwacha mchukuzi anayewalangua kwa nauli ya mashua kwenda Kismayu, kwanza mpate mwenye mashua nyingine, mkubaliane nauli, muipande mara moja muone injini yake kama inafika. Baada ya hapo tangazeni.

Hatua ya tatu: Jipime uzito, kisha dai jambo moja

Kususia kulikofaulu kuliko kote katika historia ya pwani yetu ni kwa karafuu za Unguja na Pemba. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyokipa Chama cha Wakulima wa Karafuu, ambacho kwa hakika kilikuwa chombo cha serikali, mamlaka ya kuitawala biashara ya karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi wakaona wanafungiwa riziki. Waligoma kununua karafuu za kusafirisha, na kule India chama cha Congress kikawaomba watu wasinunue karafuu za Zanzibar. India ilikuwa miongoni mwa wateja wakubwa wa karafuu hizo, kwa hiyo mnunuzi alipofunga mkono, hazina ya Zanzibar ilisikia. Mwaka 1938 wakafikia makubaliano, na wafanyabiashara wakarudi sokoni.

Mhafidhina anapaswa kulisoma tukio hili vizuri, maana ni kisa cha watu waliokataa serikali kuwa mfanyabiashara pekee, wakashinda bila kurusha jiwe. Walikuwa na mambo matatu. Walikuwa wateja wakubwa kweli. Walidai kitu kimoja kinachoeleweka. Na walipokipata, walirudi kununua. Kususia kusiko na mwisho ni kuhama tu, na aliyehama hasikilizwi na mtu.

Basi andika dai lako kwa sentensi moja. Likihitaji sentensi tatu, yako madai matatu humo: chagua moja, mengine uyaweke akiba. Chini yake andika tarehe ya kukutana kuamua kama mnaendelea au mnaacha.

Hatua ya nne: Kama mnunuzi yuko mbali, muandikie ndugu aliye karibu naye

Zipo bidhaa ambazo sisi si wanunuzi wake, ingawa hasara yake tunaibeba sisi. Mkaa wa Kismayu ndio mfano. Miti ya migunga ya bara ya Jubba imekatwa, ikachomwa, ikajazwa magunia na kupakiwa majahazini kwenda Ghuba, ambako hutumiwa kwenye shisha na kuchomea nyama. Tarehe 22 Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, katika azimio namba 2036, liliziamuru nchi zote zisiingize mkaa wa Somalia, kwa kuwa pesa zake zilikuwa zikiwalisha Al-Shabaab. Mwaka huohuo, mwishoni mwa Septemba, majeshi ya Kenya na wenzao wa Kisomali waliingia Kismayu. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walirudi na ripoti kwamba mkaa bado unapakiwa.

Marufuku ilikuwako, jeshi lilikuwako, na mkaa ulisafiri, kwa sababu Dubai na Maskati palikuwa na mtu anayeulipia. Hapa ndipo sisi Waswahili tuna nguvu ambayo Baraza la Usalama halina: tuna majamaa Maskati. Mpigie simu. Mwambie, "Ami, ukikaa barazani na shisha yako, muulize mwenye mkahawa mkaa wake umetoka wapi." Swali hilo likiulizwa na wateja wa kutosha, mwenye mkahawa ataanza kuuliza naye. Wateja mezani ni wengi kuliko manowari zinazolinda bahari.

Hatua ya tano: Susia bidhaa, usiwinde watu

Mwaka 1959 chama cha Uganda National Movement, kikiongozwa na Augustine Kamya, kiliwataka watu wa Buganda wasinunue katika maduka ya wasio Waafrika, yaani hasa ya Wahindi. Malalamiko yalikuwa na msingi, maana mkulima Mwafrika alibanwa katika biashara ya nchi yake. Lakini kususia kulipopamba moto, aliyeonekana akinunua alitishwa, migomba ikafyekwa, nyumba zikachomwa. Serikali ya kikoloni ikakipiga marufuku chama mwaka huohuo. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia kwa muhula wa siku 90, na maduka waliyoyaacha hayakumtajirisha mkulima.

Mbajuni hahitaji kufundishwa somo hili. Baada ya 1991, wanamgambo walipoingia visiwani na Kismayu, wavuvi waliporwa na kuuawa kwa kuwa hawakuwa na ukoo wenye silaha. Waliosalimika walipanda mashua hadi Mombasa wakaishi kambini Jomvu. Watu waliopitia hayo hawawezi kusimama mlangoni kwa jirani na rungu, kumzuia asiingie dukani anakotaka. Ukiona kususia kwenu kunahitaji walinzi, jueni hoja yenu haijaeleweka. Rudini mkaieleze vizuri zaidi.

Hatua ya sita: Sindano ya mtoto haisusiwi

Hapa naomba usome polepole.

Novemba 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya waliipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake, wakisema ina kitu cha kuzuia uzazi. Serikali na Shirika la Afya Duniani wakakanusha. Agosti 2015 maaskofu hao waliwataka waumini waisusie kampeni ya polio mpaka chanjo ipimwe. Upande wetu mambo yalikuwa makali zaidi. Novemba 2011, Somalia ikiwa katika njaa, Al-Shabaab, ambao wakati huo ndio walioshika Kismayu, walipiga marufuku mashirika 16, UNICEF na Shirika la Afya Duniani yakiwamo. Katika maeneo yao kampeni za chanjo zilizuiwa.

Kutaka chanjo ipimwe ni haki ya raia, na serikali inayokasirishwa na swali inastahili maswali zaidi. Lakini virusi haviko mezani kwenye mazungumzo. Mwaka 2013 polio ililipuka Somalia, ikapooza watu zaidi ya 190, wengi wao watoto, na ikavuka mpaka hadi kambi za Dadaab, Kenya. Duka likisusiwa, anayepata hasara ni mwenye duka. Chanjo ikisusiwa, anayepata hasara ni mtoto asiyejua hata kutamka neno hilo.

Mwenye shaka namwelekeza Marka, juu ya pwani hiihii yetu. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali huko. Alipata nafasi ya kuchanjwa ndui, akaikwepa kwa kuogopa maumivu ya sindano. Oktoba 1977 aliingia kwenye gari lililobeba watoto wagonjwa ili aonyeshe njia, akaambukizwa. Yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida. Alipona, na mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imetoweka. Miaka ya baadaye Maalin alizunguka akiwasihi wazazi wawachanje watoto polio, akiwasimulia yaliyompata. Alifariki Julai 2013 kwa malaria, akiwa katika kazi hiyohiyo, wakati wa mlipuko uleule.

Kwa hiyo fanya hivi: mpeleke mtoto achanjwe Jumatatu, na Jumanne andika barua kali kadiri upendavyo kuuliza chanjo imepimwa na nani. Barua ya mzazi ambaye mtoto wake amechanjwa ina nguvu, kwa sababu hakuna awezaye kusema anaogopa sindano.

Hatua ya saba: Ukikataa makato, leta daftari

Sasa tufike kwenye bima. Tarehe 1 Oktoba 2024 Kenya iliuzika mfuko wa bima ya afya wa NHIF, ulioanzishwa 1966, ikaanzisha mpya wa SHA. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 bila kikomo cha juu. Mvuvi na mchuuzi hupimwa mapato ya nyumba yao, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Julai 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria zake zinakiuka katiba. Septemba Mahakama ya Rufani ikaisimamisha hukumu hiyo. Wengi walisema hii ni kodi iliyovaa koti la daktari, na hospitali binafsi zimelalamika kwamba hazilipwi madeni yao. Mhafidhina anauliza: kwa nini niukabidhi pesa mfuko mpya, ilhali hata ule wa zamani ulishindwa kuzitunza?

Swali ni zuri. Lakini upande wa Ras Kamboni tuna jibu la kile kinachotokea pale makato yanapokuwa sifuri na serikali iko mbali. Hospitali ni ya hisani ya wafadhili au ni ya kulipa taslimu. Dawa huuzwa dukani bila cheti cha daktari, na hakuna wa kukuhakikishia kama ni nzima. Mama akishikwa na uchungu wakati wa kusi, bahari ikiwa imechafuka, bei ya petroli ya mashua ndiyo huamua kama atafika. Uhuru wa kutokatwa upo wote, na mama yuko ufukweni.

Kilichotuokoa miaka yote hii ni jamaa. Wasomali walioko ng'ambo hutuma nyumbani zaidi ya dola bilioni moja kila mwaka, na sehemu ya pesa hizo ni ada ya daktari. Hawala ndiyo bima yetu. Lakini bima hiyo nayo inaweza kususiwa, tena na wakubwa: mwaka 2013 benki ya Barclays ya Uingereza ilitangaza kufunga akaunti za kampuni za hawala, Dahabshiil ikiwamo. Dahabshiil ilikwenda mahakamani, na mwanariadha Mo Farah akapaza sauti. Siku hizo tulijua maana ya kumtegemea mpwa mmoja aliye London.

Ndiyo maana nasema: anayekataa mfuko wa serikali alete mfuko wake. Uhafidhina wa kweli una daftari. Nunueni moja lenye jalada gumu. Andikeni majina ya nyumba zilizokubali. Wekeni mchango mdogo ambao hata mvuvi aliyerudi mtupu ataumudu, na mkubwa kidogo kwa msimu wa kaskazi, bahari ikiwa njema. Sanduku liwe na kufuli tatu na funguo ziwe kwa watu watatu wa koo tatu, mmoja wao mwanamke, kwani wanawake wameendesha upatu miaka mingi na kila mmoja akapata zamu yake. Amueni mapema mfuko utalipia nini: petroli ya mashua ya mgonjwa, kujifungua, mfupa uliovunjika, homa ya mtoto. Zaka na sadaka ziwe na ukurasa wao, wasiochanganyika na mchango. Mwenye uwezo aweke wakfu: chumba dukani, mnazi, injini ya mashua. Kila mwezi daftari lisomwe mbele ya watu.

Mfuko kama huo hautatibu saratani wala figo. Kwa maradhi makubwa kundi dogo la nyumba haliwezi, na hapo ndipo hoja ya bima ya nchi nzima inaposhika. Mhafidhina mkweli akubali hivyo. Lakini kijiji chenye daftari lililonyooka kinapokwenda kudai kwa serikali ya Jubaland, au kwa kaunti ya Lamu, kinadai kwa sauti ya mtu anayejua hesabu. Kinaweza kusema: sisi tumefanya sehemu yetu, ukurasa huu hapa, yako iko wapi?

Kwa hiyo, enyi watu wa Ras Kamboni na visiwani, kabla kusi halijaanza itisheni kikao na muanzishe daftari hilo. Dukani susieni mtakavyo, kwa dai moja na tarehe moja, bila kumgusa jirani. Watoto wachanjwe wote. Na asiyetaka makato ya serikali asiyakatae kwa mdomo mtupu: aonyeshe kwanza mfuko aliochangia yeye.